Namna ya kumfikisha ndugu yako kwa daktari wa akili bila kumvunjia sitara

Nyumba za mawe za mji wa kale wa Lamu zilijengwa kwa sitara. Mgeni wa kawaida huishia dakani, yaani kibarazani mwa mlango, anayeheshimiwa zaidi hupelekwa sabuleni, chumba cha wageni, na hata mlango mkubwa ukiachwa wazi mpita njia haoni kiwanda, yaani ua wa ndani, kwa sababu njia ya kuingilia imepindwa makusudi ili jicho lake lisifike ndani. Nimekulia katika nyumba ya namna hiyo, na katika chumba cha juu aliishi shangazi yangu, ambaye wageni walipomuulizia waliambiwa ana homa au amekwenda kwa jamaa Mombasa, na sisi watoto tulifundishwa kujibu vivyo hivyo. Shangazi hakuwa na homa. Alikuwa akisikia sauti ambazo sisi hatukuzisikia, hakula chakula kilichopikwa na mtu mwingine, na usiku alizungumza peke yake mpaka alfajiri. Daktari alimwona kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, tena kwa sababu ya kidonda cha mguu, na ni daktari huyo aliyekuja kutazama kidonda ndiye aliyeuliza kuhusu mengine. Baada ya miezi michache ya dawa shangazi alishuka ngazi mwenyewe, akakaa kiwandani na kusuka ukili kama alivyokuwa akifanya kabla sijazaliwa.

Sisemi haya kuwalaumu wazee wetu. Walimpenda shangazi, walimlisha na kumwogesha, na walichokilinda ni heshima yake na ya wasichana wa nyumba waliokuwa wakisubiri kuposwa. Kosa lao lilikuwa moja, nalo bado naliona katika nyumba nyingi kuanzia Mkomani hadi Langoni: walichanganya kumsitiri mtu na kuyaficha maradhi yake. Anayemsitiri mgonjwa huchunga jina lake lisipite kwenye kila mdomo, humtetea asichekwe, na humtafutia tiba kwa njia isiyomdhalilisha. Anayeyaficha maradhi humnyima hata hiyo tiba, na ndiye wahenga waliyemwonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mwongozo huu nauandikia jamaa na marafiki wanaotaka kusitiri na kutibu kwa pamoja, nami nimeupanga kwa utaratibu ambao mambo yenyewe hutokea nyumbani.

Anza na maneno yanayosemwa ndani ya nyumba

Mgonjwa husikia. Hata yule anayeonekana kuwa mbali na watu husikia akiitwa kichaa, chizi, mwehu au hamnazo, na maneno hayo humfundisha kwamba siku atakayokubali kwenda hospitali ndiyo siku atakayothibitisha kuwa jina hilo ni lake. Kwa hiyo kazi ya kwanza haina gharama yoyote: kubalianeni, watu wazima wa nyumba, kwamba hali hiyo itaitwa maradhi, na mwenye nayo ataitwa kwa jina lake. Semeni anaumwa, semeni yuko kwenye matibabu, na mkishajua jina la ugonjwa wenyewe, kama vile sonona, yaani huzuni iliyogeuka maradhi, au skizofrenia, ambayo humfanya mtu asikie sauti na kushuku watu, litumieni kama mnavyotumia jina la kisukari na la presha. Watoto waambiwe ukweli kwa kadiri ya umri wao, kwamba bibi au mjomba anaumwa, kwamba maradhi yake hayaambukizi, na kwamba si wao waliomsababishia. Mtoto anayefundishwa kudanganya wageni hujifunza kuwa yaliyomo nyumbani mwao ni aibu, na fundisho hilo hukaa naye. Nalijua hilo kwa nafsi yangu.

Inasaidia pia kujua kwamba nyumba yenu haiko peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili. Kwa kadirio hilo, wakikaa watu 16 barazani baada ya alasiri, wawili kati yao wanabeba jambo ambalo huenda hawajalitaja kwa yeyote.

Hofu ya posa

Tukiwa wakweli, kinachozifunga midomo mara nyingi si hofu ya kuchekwa sokoni. Ni hofu ya washenga. Familia inajua kwamba siku binti atakapoposwa kuna watakaouliza kama katika nasaba hiyo hapana wazimu, na kwa ajili ya jibu hilo mtu mzima hufungiwa miaka. Jambo hili linastahili kujibiwa kwa hesabu, wala si kwa hasira. Skizofrenia, ambayo ndiyo inayoogopwa zaidi, humpata takriban mtu 1 kati ya 100 katika maisha yake. Mtoto ambaye mzazi wake mmoja anayo ana uwezekano wa takriban 1 kati ya 10. Maana yake ni kwamba urithi huongeza uwezekano, lakini watoto tisa kati ya kumi wa mgonjwa huyo hawaipati, na kwa mpwa au binamu uwezekano ni mdogo zaidi. Kwa upande mwingine, wapo wengi wanaougua bila ya kuwa na jamaa yeyote anayejulikana kuwahi kuugua.

Mshenga akiuliza, msimdanganye, kwa sababu Lamu ni kisiwa kidogo na uongo huo huja kufichuka baada ya harusi, wakati unapoumiza zaidi. Mzee wa nyumba anaweza kujibu kwa utulivu kwamba shangazi wa binti aliugua, akatibiwa, na yuko na watu, kisha akaiacha familia ya pili ifikiri. Nimeona posa ikikubaliwa kwa jibu la namna hiyo, na nimeona moja ikirudishwa. Aliyerudishiwa posa alihuzunika, lakini hakuingia katika nyumba ambayo yeye mwenyewe angefichwa siku moja akiugua.

Kutambua kwamba sasa ni maradhi

Huzuni ya kufiwa, ya kuachwa, au ya boti kuzama na mtaji wote haihitaji daktari kila mara. Huzuni hugeuka jambo la kutazamwa ikidumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku na kwa sehemu kubwa ya siku, na ikafuatana na mengine: usingizi kupotea au kuzidi, chakula kukosa ladha, uchovu usio na kazi, kujilaumu kusikoisha, na kutopata raha katika mambo ambayo mtu aliyapenda. Wengi wa watu wetu hawatasema wamehuzunika. Watasema kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, kifua kimebana au mwili hauna nguvu, na watazunguka maduka ya dawa wakinunua vidonge vya maumivu. Mtu aliyepimwa mara kadhaa kwa malalamiko hayo na kuambiwa hana kitu hajidai. Huenda mwili unasema kile ambacho ulimi umekatazwa kusema.

Mama aliyejifungua nampa nafasi yake hapa. Machozi na wasiwasi wa siku za mwanzo huwapata wengi na huondoka wenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Lakini kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, katika nchi zinazoendelea karibu asilimia 20 ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Arubaini yetu ina faida kubwa katika hilo, kwa kuwa mzazi huwa kati ya mama, somo (kungwi wake) na shangazi ambao humkanda na kumlisha, nao ndio wanaoweza kuona mapema kwamba hamtazami mtoto, halali hata mtoto akilala, au anasema mtoto angekuwa na heri na mama mwingine. Wasimwambie ana deko. Wamchukue kliniki pamoja na mtoto anapokwenda kuchanjwa, na hapo hapana atakayeuliza amekwenda kufanya nini. Akianza kusikia sauti, kuwa na imani za ajabu kuhusu mtoto, au kuzungumzia kumdhuru, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Dalili za kusikia sauti zisizokuwapo, kushuku kwamba watu wanamtilia sumu au wanamfuatilia, na kuzungumza kwa namna isiyofuatana huonekana wazi zaidi, na hapa muda una thamani kubwa, kwa kuwa anayeanza tiba mapema hupona vizuri kuliko anayecheleweshwa. Bangi huongeza hatari hiyo kwa vijana, na miraa na muguka huweza kuizidisha kwa aliyekwisha kuugua. Kwa walionusurika na mashambulizi ya Mpeketoni, katika kaunti hii ya Lamu, ya Juni 2014, ambapo watu zaidi ya 60 waliuawa, na kwa wengine waliopitia mambo ya namna hiyo, angalieni jinamizi linalojirudia, kushtuka kwa mlio mdogo, na kuikwepa njia au mazungumzo yanayokumbusha, hata kama miaka imepita. Kifafa, ambacho wengi hukihesabu pamoja na haya, ni ugonjwa wa ubongo wenye dawa zake, na mwenye kifafa naye apelekwe hospitali.

Mazungumzo ya kwanza

Hii ndiyo sehemu ngumu, na ndiyo inayoharibika mara nyingi kwa sababu jamaa hukusanyika wote kwa pamoja kama kikao cha hukumu. Aende mtu mmoja. Awe ni yule ambaye mgonjwa humwamini, wala si lazima awe mkubwa wa nyumba. Kijana hatamfungulia baba yake moyo, lakini atamfungulia mjomba. Mzee hatakubali kuhojiwa na mwanawe, lakini atamsikiliza rafiki yake wa rika waliyevua naye samaki miaka 30. Mtafuteni mtu huyo kabla ya kutafuta maneno.

Mahali napo pana uzito. Barazani hapafai, na chumbani mlango ukiwa umefungwa panatisha. Nimeona mazungumzo mazuri yakifanyika watu wakitembea ufukweni kuelekea Shela maji yakiwa yametoka, au wakishona nyavu, au wakichambua mboga, kwa sababu mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa mbele, ulimi hulegea. Sema ulichokiona, usiseme ulichokihukumu. Kaka mdogo anaweza kuanza hivi: "Kaka, wiki tatu hizi sikuoni msikitini wala barazani, na juzi mama alinambia usiku hulali. Sikuja kukusema. Nimekuja kwa sababu nina hofu na wewe. Unajionaje?" Binti anayesema na mama yake ataanza kwa shikamoo na kwa kuomba ruhusa: "Mama, naomba unisamehe nikikuuliza jambo la ndani. Tangu baba atutoke naona chakula hakikushuki. Ungependa twende pamoja ukatazamwe?"

Kisha nyamaza. Kunyamaza huku ndiko kunakotushinda wengi, kwa kuwa ukimya hututia haraka ya kutoa nasaha. Ukimwambia mtu ajikaze, au amshukuru Mungu kwa sababu wenzake wana shida kubwa zaidi, umeufunga mlango ulioufungua kwa tabu. Anayesema anasikia sauti, usimwambie hazipo na usimwambie zipo. Mwambie unaamini kwamba anazisikia na unaona zinavyomtesa. Akilia, mwache alie. Akikataa kuzungumza, mwambie utarudi, na urudi kweli, kwa sababu ahadi hiyo ndogo ndiyo atakayoipimia nyingine zote.

Usimwombe akubali kwamba ana ugonjwa wa akili. Hilo si sharti la kwenda kliniki, na wengi hawataweza kulikiri siku ya kwanza. Mwombe akubali jambo moja analolitaka mwenyewe: apate usingizi, moyo uache kwenda mbio, kichwa kitulie. Daktari ataanza hapo hapo. Shangazi yangu alikubali kuendelea na matibabu kwa sababu alitaka kulala, na miezi mingi ilipita kabla hajalitaja jina la ugonjwa wake kwa ulimi wake.

Kisomo na dawa

Katika nyumba nyingi za hapa, kabla ya hospitali kutajwa mgonjwa atakuwa amekwisha kusomewa, amekunywa kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Qurani, na pengine amepelekwa kupungwa pepo. Anayetaka kumsaidia asianze kwa kuyakejeli hayo, kwa kuwa akifanya hivyo atakuwa amemlazimisha mgonjwa na wazee kuchagua kati ya dini yao na daktari, na daktari atashindwa. Hakuna sababu ya kuchagua. Mtume (S.A.W.) amesema, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa yake. Mjini Cairo, hospitali iliyojengwa na Sultani Qalawun mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili, na karne nyingi kabla ya hapo Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, alikwisha kutofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayomjia mtu bila sababu anayoijua. Wanaosema kwamba huzuni ni udhaifu wa imani wakumbushwe, kwa adabu, kwamba Qurani inaeleza jinsi macho ya Nabii Yaakub yalivyogeuka meupe kwa huzuni ya kumkosa Yusuf, naye alikuwa Nabii.

Kwa hiyo mwendeeni maalimu anayemsomea mgonjwa na mzungumze naye kama mshirika. Mwambieni kisomo kitaendelea na dawa zitaendelea, na mumwombe yeye mwenyewe amwambie mgonjwa asiache vidonge. Neno lake lina uzito ambao la kwenu halina. Lakini kuna mipaka isiyojadiliwa. Mgonjwa asipigwe ili jini atoke, asifungwe minyororo, asinyimwe chakula wala maji, na asiambiwe aache dawa ya hospitali ili ya mitishamba ifanye kazi. Yeyote anayetaka mojawapo ya hayo aagwe kwa heshima na asirudiwe. Mitishamba anayokunywa mgonjwa itajwe kwa daktari bila kuona haya, kwa sababu mingine hugongana na vidonge.

Ramadhani inahitaji mpango wake. Wagonjwa wengi huacha dawa mwezi huo bila kumwambia mtu, kisha huzidiwa kabla ya Idi. Dozi nyingi zinaweza kuhamishiwa wakati wa futari na daku, lakini mpango huo ufanywe na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hali ya moyo inayopanda na kushuka, anahitaji tahadhari zaidi, kwani mwili ukipungukiwa maji kiwango cha dawa hiyo katika damu huweza kupanda mpaka kikawa sumu. Daktari akisema mtu huyu asifunge, sheria ya dini imekwisha kumpa mgonjwa ruhusa, na familia imsitiri kwa kumwekea chakula chake mahali pa faragha.

Safari ya kliniki

Hatua ya karibu zaidi ni mhudumu wa afya ya jamii, wale wanaopita nyumba kwa nyumba, ambao serikali ya Kenya iliwazindua rasmi nchini kote Septemba 2023 wakiwa zaidi ya 100,000. Kuonekana kwake mlangoni hakumshtui jirani, kwa sababu hupita kwa kila mtu. Yeye anaweza kuwaelekeza kwenye zahanati au hospitali ya kaunti hapa Lamu, na ikihitajika zaidi, mgonjwa hupewa rufaa ya Mombasa, ambako hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha magonjwa ya akili.

Hofu ya kisiwani ni kwamba muuguzi ni mke wa binamu. Hofu hiyo ni ya kweli wala msiidharau. Mhudumu wa afya anafungwa na wajibu wa kutunza siri ya mgonjwa, na mna haki ya kumkumbusha hilo ana kwa ana na kuomba mhudumu mwingine. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya, ambayo ni ya mwaka 1989 na ilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2022, inamtambua mgonjwa kuwa mtu mwenye haki, zikiwamo haki ya kuheshimiwa na ya kushirikishwa katika uamuzi wa matibabu yake. Ikiwa bado mgonjwa hawezi kustahimili kuonekana mjini, mpelekeni Malindi au Mombasa kwa safari mbili za mwanzo. Ni ghali, lakini safari mbili za mbali ni bora kuliko miaka tisa ya chumba cha juu.

Siku ya kwanza daktari atauliza maswali mengi na pengine ataagiza vipimo vya damu, kwa sababu maradhi mengine ya mwili, kama ya tezi ya shingo, huleta dalili zinazofanana. Andikeni kabla ya kwenda: dalili zilianza lini, amewahi kutumia dawa gani, nani katika ukoo amewahi kuugua, na kama anatumia miraa, bangi au unga, yaani heroini. Aliyeandamana na mgonjwa asimjibie, angoje aulizwe. Na mgonjwa apewe nafasi ya kuzungumza na daktari peke yake, kwa kuwa kuna mambo hayatasemwa mbele ya mume au mama.

Dawa za sonona huanza kuonekana kazi yake baada ya wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi, ilhali madhara madogo kama kichefuchefu hutangulia. Hapo ndipo wengi huzitupa wakisema hazifai. Mgonjwa aambiwe hilo tangu mwanzo. Dawa za kutuliza sauti huweza kumfanya mtu akakamae, atetemeke au alale sana; akirudi kwa daktari dozi hupunguzwa au dawa hubadilishwa, na hapaswi kuchagua kati ya kutetemeka na kuugua. Akipata nafuu asiache ghafla, kwani aliyepona sonona kwa kawaida huambiwa aendelee kwa miezi kadhaa baada ya nafuu. Wengine hawahitaji vidonge kabisa, ila mazungumzo ya mara kwa mara na mshauri nasaha.

Wanaoishi Faza, Kizingitini, Kiunga na visiwa vya juu wana jambo moja zaidi la kuhesabu, nalo ni bahari. Kusi ikichafuka boti hazitoki kwa utulivu, na mgonjwa aliyebakiwa na vidonge vya siku nne yuko hatarini. Mwelezeni daktari mnakoishi, mwombe dawa za muda mrefu kidogo kabla ya msimu huo, na chukueni namba ya simu ya kliniki.

Anapotaja kufa

Akisema amechoka na maisha, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga kwa namna isiyo ya kawaida, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo ambalo hana; mara nyingi humpa nafuu kwamba hatimaye kuna anayeweza kusikia. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kwa muda wa sala. Ondoeni nyumbani vidonge vilivyozidi, dawa za sumu za shamba na kila anachoweza kujidhuru nacho, na mpelekeni hospitali siku hiyo, iwe usiku iwe mchana. Laini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, hupigwa bila malipo, na kwa watoto kuna 116.

Familia nyingi zilikuwa zikiogopa hospitali kwa sababu jaribio la kujiua lilikuwa kosa la jinai kwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Hofu ya polisi isimcheleweshe mtu tena.

Vijana wa unga

Hawa wana unyanyapaa juu ya unyanyapaa, na neno teja limeua wengi kwa kuwafukuza kwenye milango ya hospitali. Uraibu wa heroini unatibika. Kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, ilifunguliwa Malindi mwaka 2015, na laini ya mamlaka ya taifa ya kupambana na dawa za kulevya ni 1192. Yaliyosemwa hapo juu kuhusu mazungumzo ya kwanza yanawahusu wao neno kwa neno.

Anaporudi barazani

Tume ya jarida la tiba la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2022, ilieleza kwamba kinachopunguza unyanyapaa kuliko mabango na hotuba ni watu kukutana na kuzungumza na mtu aliyewahi kuugua. Kwa hiyo kazi kubwa ya baraza ni kumpisha akae. Msalimieni kama mlivyomsalimia zamani, mpeni kahawa, msimuulize kama amekunywa dawa mbele ya watu, na msimfanye kila hasira yake kuwa dalili. Mkasirisheni mtu yeyote, atakasirika. Mpeni kazi anayoiweza, hata kama ni kuhesabu samaki au kuandika majina ya abiria, na mlipeni ujira ule ule mnaowalipa wenzake. Mtu akimtania kwa jina baya, mmoja wenu amkatishe palepale kwa sauti ya kawaida, haihitaji ugomvi. Akitaka kueleza habari zake, msikilizeni, na asipotaka, habari hizo ni zake.

Jambo la mwisho lifanywe wakati yuko mzima. Kaeni naye aandike, kwa maneno yake, dalili zinazoonyesha kwamba maradhi yanarudi, nani apigiwe simu kwanza, dawa ipi ilimfaa na ipi ilimdhuru, nani akae na watoto, na nani asiambiwe. Tulifanya hivyo na shangazi. Aliandika kwamba siku atakapokataa chakula kilichopikwa na mtu mwingine, aitwe mdogo wake wa kike na si kaka yake, na kwamba apelekwe hospitali kwa boti ya asubuhi kabla gati halijajaa watu. Karatasi hiyo ilikaa kwenye kidaka cha ukutani nyuma ya bakuli la kaure, ikatolewa mara mbili katika miaka kumi na moja, na mara zote mbili alirudi nyumbani kabla ya mwezi kwisha.